Kabla ya Kumvisha Punda Kiatu

Katika mkutano mmoja wa hivi karibuni uliohusu uchukuzi wa mizigo mjini Lamu, afisa mmoja alisimama akauliza swali ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu leo. Aliuliza kwa nini punda wetu waendelee kutembea kwato tupu juu ya saruji na mawe, hali farasi wa Ulaya, ambao wengi wao hawabebi hata kikapu, wamevishwa viatu vya chuma. Akapendekeza zitafutwe fedha, viatu viagizwe, na mafundi wa chuma wa hapa hapa wavipigilie. Ukumbi ulimpigia makofi. Mzee mmoja mwenye punda, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, hakupiga. Aliuliza neno moja tu: "Na vikilegea, mwanangu, nani atakuja kuvikaza?" Lakini mwenyekiti alikuwa amekwisha kuhamia ajenda nyingine.

Sisi twaona kwamba swali la afisa lilikuwa jema na lenye huruma, na kwamba swali la mzee lilikuwa bora zaidi. Na maadamu halikujibiwa pale ukumbini, yafaa lijibiwe hapa, kabla ya shilingi ya kwanza ya wananchi kutoka mfukoni.

Kiatu cha farasi si kama sufuria, ambayo mtu huinunua mara moja akakaa nayo mpaka itoboke. Ukwato ni kama ukucha wa binadamu: hauachi kukua. Ukwato wa farasi hukua kiasi cha milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Mnyama asiye na kiatu huupunguza kwa kuusugua ardhini kila siku, ijapokuwa haupunguzi sawasawa. Aliyevaa chuma hapunguzi kitu, kwa sababu ardhi hukisugua chuma na ukwato hubaki ukirefuka juu yake. Basi ncha ya mbele hutangulia, kisigino hulala, na kano za nyuma ya mguu huvutwa kwa kila hatua. Misumari nayo huanza kucheza katika matundu yake. Ndiyo maana farasi aliyevishwa viatu hurudishwa kwa fundi kila baada ya wiki 6 hadi 8, hata ikiwa chuma chenyewe bado ni kizima. Fundi hukiondoa, hukata ukwato uliozidi, huusawazisha kwa tupa, kisha hukirudisha kile kile au hupiga kipya. Wengi wetu tulidhani kinachoisha ni kiatu. Kumbe kinachopitwa na wakati ni ukwato.

Na gharama yake je? Nchini Uingereza, kwa bei za miaka hii ya karibuni, kumvisha farasi mmoja viatu vinne hugharimu pauni 80 hadi 120 hivi, na fundi mwenye sifa au anayeishi mbali aweza kudai zaidi. Kwa fedha zetu hizo ni kama shilingi 13,000 hadi 20,000 kwa mara moja. Mwaka una wiki 52. Anayefuata kalenda ya wiki 6 atamwita fundi mara 8 au 9. Kwa hesabu hiyo mwenye farasi hutumia zaidi ya shilingi laki moja kwa mwaka kwa miguu tu, bila kutaja chakula, zizi wala dawa. Kukata na kusawazisha kwato pasipo kuweka viatu hugharimu huko chini ya nusu ya fedha hizo, na kwa sababu hiyo, pamoja na nyingine, wako wenye farasi wengi wanaowaacha kwato tupu endapo kazi na ardhi zinaruhusu.

Tena bei hiyo si ya chuma. Chuma ni sehemu ndogo. Inayolipiwa ni elimu ya fundi. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1975 inayomkataza mtu yeyote asiyesajiliwa kupigilia farasi viatu, na anayetaka kusajiliwa hana budi kukaa chini ya fundi mkuu kwa muda wa miaka 4 hivi. Sababu yaeleweka upesi. Msumari wa kiatu hupita katika ukuta wa ukwato, sehemu isiyo na damu wala maumivu, na ukuta huo ni mwembamba. Msumari ukielekea ndani kidogo tu, umeingia penye uhai. Usaha hufuata, na mnyama halali wala hasimami kwa raha. Mafundi wetu wa chuma ni hodari, na madirisha ya nyumba zetu ni shahidi. Lakini dirisha halipigi teke, wala halina damu upande wa pili wa msumari.

Ukwato wa punda, zaidi ya hayo, si ukwato wa farasi uliopunguzwa ukubwa. Umesimama wima zaidi, ni mwembamba, na umbo lake lina ubapa wa pembeni ambao kiatu cha farasi hakiukubali. Anayeagiza shehena ya viatu vya farasi kwa ajili ya punda wa Lamu atakuwa ameagiza vyuma chakavu vipya.

Hatusemi kwamba hakuna punda duniani anayevaa chuma. Katika mji wa kale wa Fès, nchini Moroko, ambako vichochoro ni vyembamba kama vyetu na magari hayapiti, nyumbu na punda wabebao mizigo huvishwa viatu, na wenyewe wanaona faida. Lakini kazi ile huko ni ya jadi. Anayelegea kiatu asubuhi aweza kupata fundi kabla ya jua kuwa kali. Huo ndio msingi wake. Chuma bila fundi wa karibu ni kibaya kuliko kukosa chuma, kwa kuwa ukwato uliosahauliwa kwato tupu walau huvunjika wenyewe na kujipunguza, na uliosahauliwa ndani ya chuma hurefuka mpaka mguu uende upande. Tukiongeza na maji ya bahari, ambamo punda wetu huogeshwa na ambayo hayaoneani haya na chuma cha namna yoyote, twaona jibu la swali la mzee lilikuwa tayari ndani ya swali lake.

Basi punda wetu wanahitaji nini? Wanahitaji kisu, koleo na tupa, kwa wakati wake. Waganga wa wanyama waliobobea katika punda hushauri kwato zao zitazamwe na kukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 10. Kazi hiyo, kwa mtu aliyefundishwa na punda aliyezoea kushikwa miguu, huchukua kama nusu saa. Na yapasa tukumbuke asili ya mnyama huyu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science ulionyesha kwamba punda wote wa dunia wametokana na wale waliofugwa kwanza Afrika ya Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Ni mtoto wa nchi kavu na ya mawe. Ukwato wake hunywa maji kwa wingi kuliko wa farasi, na ukilowa siku nyingi hulainika, ukaingiwa na uchafu na kuoza kwa ndani. Sisi tumemleta kisiwani, penye mvuke wa bahari na masika, tukamfunga usiku juu ya samadi mbichi. Kwa hiyo kabla hata ya kisu, sakafu ya zizi iwe kavu, na kwato zichokolewe uchafu kila jioni. Hilo halitaki bajeti ya mtu.

Juzi tulisimama gatini wakati jahazi moja likishusha saruji na matofali. Punda walikuja mmoja mmoja, wakapakiwa shogi, wakapanda kuelekea mjini. Wengi walikuwa wazima, na tunawapongeza wenyewe. Lakini wa tano au wa sita alikuwa na kwato za mbele zilizopinda juu kama ncha za makubadhi ya zamani. Hakuweza kukanyaga kwa mbele. Alikuwa akitupa mguu na kutua kisigino, na kila alipofika penye ngazi alisimama kufikiri. Kijana aliyemwongoza alimpiga. Tulipomuuliza ni lini kwato zile zilikatwa mara ya mwisho, alijibu kwa adabu kabisa kwamba punda huyo hajawahi kuugua. Hatukumlaumu kijana, kwa maana hakuna aliyemfundisha kwamba kwato hazingoji ugonjwa. Wahenga nao walituachia methali moja kuhusu fadhila za punda, ambayo kwa heshima ya safu hii hatutaiandika. Ila siku ile tulijiuliza ni nani hasa kati ya wawili wale aliyekuwa akimlipa mwenziwe fadhila za namna ile.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwani wako watakaosema kwamba mwenye punda mmoja hana uwezo wa kumlipa mkata kwato. Tuseme punda hufanya safari 8 kwa siku. Akianza kuchechemea akafanya 5, mwenyewe amepoteza safari 3 kila siku, bila kuona fedha ikitoka mkononi mwake. Imekataa tu kuingia. Kwa siku 20 za kazi hizo ni safari 60. Atakayekata kwato za punda huyo kila baada ya miezi miwili, hata akidai ujira wa safari 3 nzima kwa kila mara, atakuwa amechukua safari 18 kwa mwaka. Kila mwenye punda aziweke hapo hesabu za kazi yake mwenyewe, na sisi twaamini mizani italala upande ule ule. Na ikiwa mguu umeharibika kabisa, atanunua punda mwingine kwa bei ipi? Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu punda milioni 1.8; ile ya mwaka 2019 ilipata kama milioni 1.2. Katikati hapo, kuanzia mwaka 2016, palifunguliwa machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara hiyo kwa miaka 15, lakini waliochinjwa hawarudi.

Kwa viongozi wetu tuna machache. Katiba ya mwaka 2010 imeweka ustawi wa wanyama na udhibiti wa maradhi yao mikononi mwa kaunti, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iko vitabuni kwa miaka mingi. Sheria ikitumika peke yake itamkamata yule kijana wa gatini, na kwato za punda wake zitabaki vile vile. Ni kweli kwamba shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary lilifungua kituo chake Lamu mwaka 1987, na likatibu punda wengi bila malipo. Kisiwa hiki hakitalisahau. Lakini mji ambao mizigo yake hubebwa na punda hauwezi kuutegemeza uchukuzi wake juu ya hisani ya wageni. Fedha zile zilizotajwa mkutanoni kwa ajili ya viatu zitoshe kuwafundisha vijana kadhaa wa Lamu, na wa Pate pia, ambako mara nyingi husahauliwa, chini ya daktari wa mifugo, kwa miezi na si kwa semina ya siku mbili yenye chai na vyeti. Kila mmoja akabidhiwe vyombo vyake, na ujira wake upangwe hadharani, wenye punda wakiwamo, ili asiwanyonye wala wasimpunje.

Kuhusu kalenda, hatuoni haja ya kuchapisha makaratasi. Watu wa visiwa hivi huhesabu miandamo ya mwezi bila kuambiwa na mtu. Miandamo miwili ni siku 59, yaani wiki 8 na siku chache, nayo inaangukia katikati kabisa ya zile wiki 6 hadi 10. Mwezi ukiandama mara ya pili, mkata kwato apite mtaani, na punda watolewe nje. Anayekosa mwandamo huu asikose unaofuata. Punda mwenye kwato zilizopinda kama wa yule kijana hatakiwi kukatwa zote kwa mara moja, kwa kuwa mguu uliozoea upotovu hauvumilii kunyooshwa kwa siku moja. Apunguzwe kidogo kidogo, kila baada ya wiki chache, na shogi lake liwe jepesi muda huo wote.

Tumesikia kwamba mkutano ule utaitishwa tena ili pendekezo la viatu lipitishwe au liwekwe kando. Tunaomba yule mzee wa mlangoni atafutiwe kiti cha mbele.