Upungufu wa kimeng'enya unaokiudhi kimelea

Mvuvi wa Vitshumbi, pale kusini mwa Ziwa Edward, akishikwa na malaria hutobolewa kidole, vimelea vikionekana anapewa dawa. Hakuna anayemuuliza habari za vimeng'enya vyake, na kwa dawa za mseto za siku hizi hilo kwa kawaida halina neno. Ila zipo nyingine, primakwini na dapsoni, ambazo kwa baadhi ya watu hupasua chembe nyekundu za damu: mkojo unatoka mweusi kama kola, macho yanakuwa manjano, nguvu zinaisha.

Mwaka 1956 watafiti wa Marekani walitambua kwamba watu hao wamepungukiwa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Chembe nyekundu ikishakomaa haina kiini, kwa hiyo haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kipya. Kile ilichoanza nacho huenda kikichakaa siku zote 120 za uhai wake. Kazi ya G6PD ni kutumia sukari kuipa chembe uwezo wa kuzima kemikali kali za oksijeni. Primakwini huzichochea kemikali hizo, na chembe yenye G6PD haba hupasuka.

Mbona kasoro hii imeenea Afrika? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, pamoja na David Clyde, walichapisha mwaka 1961 uchunguzi wa watoto wa Tanganyika: wenye upungufu walikuwa na vimelea vichache. Lakini watoto hutofautiana kwa mengi, hata kwa nyumba wanamolala.

Jibu la Lucio Luzzatto, Mwitaliano aliyefanya kazi Ibadan, Nigeria, na baadaye Muhimbili, Dar es Salaam, ndilo ninalolihusudu. Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo mbili, na kila seli yake huzima moja. Basi aliyerithi jeni moja nzima na moja pungufu ana chembe za aina zote mbili katika damu ile ile: mbu mmoja, homa moja, mwili mmoja. Mwaka 1969 Luzzatto na wenzake walionyesha kwamba kwa wanawake hao wenye malaria, chembe nzima zilishambuliwa mara 2 hadi 80 zaidi kuliko zile pungufu. Hapo mabishano ya nani analala chini ya chandarua hayana nafasi.

Hata hivyo, dawa ya malaria iitwayo Lapdap, yenye dapsoni ndani yake, iliingia sokoni Afrika, ikaondolewa mwaka 2008 baada ya kuwapunguzia damu wagonjwa wenye upungufu huo. Luzzatto aliikosoa hadithi hiyo kwa maandishi, na kwa haki: hatari ya dapsoni ilijulikana miongo mingi kabla.

Kipimo nacho kina hila. Dawa ikishapasua chembe, zinazokufa kwanza ni kuukuu, zilizoishiwa kimeng'enya. Zinazobaki ni changa na bado zina akiba. Mgonjwa akipimwa wiki hiyo hiyo, majibu yanaweza kutoka ya kawaida. Apimwe tena baada ya miezi mitatu hivi, chembe hizo changa zikiwa nazo zimezeeka.