Mchoro Unasema 316

Mafundi wa kuchomelea wa kando ya barabara ya Moshono, Arusha, hawakosi sumaku. Mtu akileta kipande cha bomba na kuapa kuwa ni stenlesi, fundi habishani naye, anagusisha sumaku tu. Ikinasa, bei inashuka palepale. Kwa mageti na masinki ya jikoni, kipimo hicho kinatosha. Kwa bomba la mvuke la kiwandani hakitoshi hata kidogo, maana sumaku haiwezi kutenganisha stenlesi ya 304 na ya 316. Tena bati la stenlesi halali, likikunjwa kwa nguvu likiwa baridi, linaweza kuanza kunasa kidogo.

Arusha ina kazi nyingi zinazotegemea mvuke. Bia huchemshwa kwa mvuke, vitambaa hutiwa rangi kwa mvuke, na matairi ya General Tyre, enzi kiwanda kile kikifanya kazi, yalihitaji joto lake ili yaive. Sasa chukua bomba la chuma cha kawaida lenye urefu wa mita 30. Asubuhi lina nyuzi 20 za Selsiasi. Boila ikiwashwa na mvuke kufika nyuzi 170, bomba limerefuka kwa milimita 54 hivi. Urefu huo ni lazima upate pa kwenda, la sivyo utasukuma nguzo, utapinda flenji na kupasua maungio. Penye nafasi, injinia hulizungusha bomba kwa umbo la U. Pasipo nafasi, huweka kiungo cha mikunjo: stenlesi nyembamba, mara nyingi ya milimita moja hivi, iliyokunjwakunjwa kama mivukuto ya mhunzi. Ni ngozi nyembamba kuliko zote kwenye njia nzima, na shinikizo inalolibeba ni lilelile la bomba nene.

Hapo ndipo namba za mchoro zinapopata uzito. 304 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 hivi. 316 imeongezewa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na kwa hiyo inastahimili zaidi vishimo vinavyochimbwa na chumvi. 321 imetiwa titani kwa ajili ya joto kali zaidi. Herufi L baada ya namba inaonyesha kaboni ni kidogo sana, ili chuma kisianze kuoza kandokando ya mshono wa kuchomelea. Mchoraji huandika 316L na kulala usingizi wake. Nyaraka za zabuni zinaandika 316L “au inayolingana nayo”, na katika maneno hayo matatu mradi mzima unaweza kubadilika. Mwenye bei ya chini huleta 304, inang'aa vilevile, stoo inapokea na kusaini. Cheti cha kiwanda kilichoyeyusha chuma hicho, chenye vipimo vya kila madini, hakuna aliyekiomba.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaodhani dawa ni kudai 316 kila mahali. Kloridi ikikutana na stenlesi iliyovutwa kwa nguvu, joto likiwa limepita nyuzi 60 hivi, hupasua 304 na 316 pia. 316 inachelewa tu. Wenye hofu ya kweli hupanda hadi aloi zenye nikeli nyingi kama 825 au 625, na bei yake inakata maneno. Kabla ya kufika huko, ningeuliza kwanza habari za maji.

Watu wa Meru hawahitaji kufundishwa kwamba maji si maji tu. Floridi ya Mlima Meru imewatia watoto rangi ya kahawia kwenye meno kizazi baada ya kizazi, na mradi wa maji wa Arusha wa shilingi bilioni 520 ulilenga pia kuleta maji yenye nafuu. Kwenye bomba jipya, saa ya hatari ni ile ya majaribio: linajazwa maji, linatiwa shinikizo, linafunguliwa, watu wanapongezana. Kiungo kikiwa kimelazwa, mikunjo ya chini hubaki na maji. Mvuke unapopita kwa mara ya kwanza, maji hukauka, chumvi yake inabaki, na kidogo kilichokuwa salama kinakuwa kikali. Pamba ya kuhami joto nayo ikilowa mvua hutoa kloridi na floridi juu ya chuma cha moto. 304 iliyosuuzwa kwa maji safi na kukaushwa vizuri inaweza kuishi zaidi kuliko 316 iliyoachwa na dimbwi tumboni.

Wakati mwingine kosa halimo kwenye chuma kabisa. Kwenye kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, mwaka 1974, mtambo mmoja kati ya sita uliokuwa kwenye mstari ulipata ufa ukaondolewa, na pengo likazibwa kwa bomba la muda lililopinda, likiwa limeshikwa na viungo vya mikunjo kila upande. Viungo vilikuwa vya stenlesi. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, bomba likaegemezwa juu ya jukwaa la mabomba ya ujenzi, na nafasi ya injinia wa kiwanda ilikuwa wazi. Miezi miwili baadaye, tarehe 1 Juni, viungo vilikubali kupinda, gesi ikatoka na kulipuka. Watu 28 walikufa.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo mchoraji wa ng'ambo halioni. Kiungo hupewa umri kwa mizunguko ya kurefuka na kufupika, na mizunguko 1,000 ni hesabu ya kawaida. Boila inayozimwa mara moja kwa wiki itaimaliza kwa takriban miaka 19. Umeme ukikatika mara mbili kwa siku na bomba kupoa kila mara, miaka miwili haifiki. Kweli, bomba lisipopoa kabisa halihesabiwi mzunguko mzima; lakini msimu wa mgao wa 2023 na mwanzo wa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijashika kasi, nani kiwandani alikuwa anahesabu?

Kipindi cha matazamio kwenye mikataba mingi ni miezi 12. Ufa wa kloridi au wa uchovu wa chuma huweza kusubiri hadi mwezi wa 15 au wa 20, mkandarasi akiwa ameshalipwa fedha zake zilizozuiliwa na yuko mkoa mwingine, na kiungo kipya kinaagizwa kwa bajeti ya matengenezo, kwa maneno yaleyale: 316L, au inayolingana nayo.