Ghala lina kufuli, mfumo je?

Mfanyabiashara mmoja anayenunua dengu na ufuta kati ya Chemba na Kondoa anasema hasara iliyomuuma zaidi haikutokana na bei wala mvua. Siku ya mnada alikuwa ameshalipa dhamana na ameshakodi malori mawili. Alipoingiza jina na neno la siri, mfumo ukamjibu kwamba akaunti yake imesitishwa. Akapiga simu kwa wanaoendesha mnada, wakamwambia tatizo ni leseni, aulize kwa walioitoa. Walioitoa wakasema leseni iko hai, arudi alikotoka. Akaunti ilikuja kufunguka jioni, mzigo ukiwa umeshapata mnunuzi. Malori yakarudi matupu, nauli akalipa.

Fidia ameshaikatia tamaa. Anachokitaka sasa ni jibu moja: nani aliifunga akaunti yake, saa ngapi, na kwa agizo la nani. Ameuliza kwa simu, ameandika barua, amekwenda mwenyewe Dodoma mjini mara mbili. Jibu la karibu zaidi alilopata ni kwamba mfumo ndio uliofunga. Hilo ndilo linalomkera. Gulioni, anasema, mtu akikuzuia kununua unamwona sura, na kesho yake unajua pa kumpata.

Malalamiko ya aina hii zamani yangekuwa ya mtu mmoja. Leo yanawagusa wengi, kwa kuwa biashara ya mazao ya nyanda za kati imehama sana kutoka kwenye daftari. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ni ya mwaka 2005, na kwa miaka mingi ilisikika zaidi kusini, kwenye korosho. Hatua kwa hatua ikaja kwenye ufuta, mbaazi, dengu na choroko, na mnada wa kufungua bahasha mbele ya wakulima ukageuka mnada wa kwenye skrini. Mahindi ya Kibaigwa bado yana utaratibu wake, na alizeti ya Singida nyingi inakwenda kwenye mashine za kukamua bila kupita kote huko. Ila kwa jamii ya kunde, mlango wa biashara ni neno la siri.

Na nyuma ya mlango huo kuna watu wengi. Mwendesha ghala anaandika uzito na daraja. Chama cha msingi kinaandika majina ya wakulima na akaunti zao za benki. Wanunuzi wanaweka bei. Benki inalipa, halmashauri inasubiri ushuru. Wote wanategemea kumbukumbu zilezile, na kila mmoja ana sababu ya kutamani kuona, au kugusa, ukurasa usio wake. Anayeiona bei ya mwenzake kabla dirisha halijafungwa ameshashinda. Anayeweza kusahihisha uzito baada ya mnada amejipa gunia.

Ofisa mmoja anayeujua mfumo kwa karibu anasema hofu hizo zimepitwa na wakati. Kila mtumiaji ana ngazi yake ya ruhusa, na asilimia 100 ya mauzo ya mazao yaliyo kwenye utaratibu inaonekana kwenye mfumo. Aliirudia tarakimu hiyo mara kadhaa. Nilipomuuliza ni asilimia 100 ya nini, alisema ya mzigo ulioingizwa. Mzigo ulionunuliwa shambani usiku, au uliopakiwa kwenye pikipiki kwenda wilaya ya jirani, haumo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo tarakimu haiwezi kushuka hata siku moja. Nilipouliza ni watu wangapi wenye mamlaka ya kufunga na kufungua akaunti za wengine, alisema ni wachache.

Hapo ndipo wataalamu wa kompyuta wanapoleta habari ya blokicheni. Wasomaji wengi wanalifahamu neno hilo kupitia sarafu za mtandaoni, ambazo benki kuu ilitoa tahadhari dhidi yake mwaka 2019 na ambazo Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 imeziwekea kodi ya zuio ya asilimia 3. Inayozungumzwa hapa haina sarafu. Ni leja ya watu wanaojulikana: nakala moja kwa ushirika, nyingine kwa benki, nyingine ghalani, nyingine kwa mwendesha mnada. Kila ingizo linafungwa na lililotangulia, hivyo anayetaka kufuta la juzi hana budi kuharibu na yaliyofuata, tena kwenye nakala za wenzake wote. Linalomhusu mfanyabiashara wetu ni kwamba ruhusa zenyewe nazo huandikwa humo. Kufunga akaunti ya mnunuzi kunakuwa ingizo lenye saa na saini, na kanuni inaweza kudai saini za pande mbili au tatu kabla halijakubalika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya aina hiyo.

Nimeona haja ya jambo hili, na ningependa lijaribiwe. Hata hivyo sishawishiki kwa urahisi. Mwaka 2014 katika bandari ya Qingdao, China, iligundulika kwamba shehena zilezile za madini zilikuwa zimewekwa rehani zaidi ya mara moja kwa stakabadhi za ghala za kughushi. Leja ya pamoja ingeweza kuonyesha stakabadhi moja ikitumika mara mbili, lakini isingejua kama madini yapo kweli. Vivyo hivyo mizani ikisoma pungufu, au gunia la dengu likiwa na mchanga, leja itautunza uongo huo milele bila kuugusa. Na nakala zote zikikaa kwenye kompyuta za ofisi moja, hakuna kilichobadilika isipokuwa gharama.

Kuna pia suala la nani atakubali kuingia. Kampuni kubwa ya meli ya Denmark na ya kompyuta ya Marekani zilianzisha jukwaa la namna hii kwa biashara ya makontena mwaka 2018, zikatangaza kulifunga mwaka 2022 baada ya kushindwa kuwaunganisha wadau wote wa sekta. Nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayompa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisahihishwe. Jina na akaunti ya mkulima havifai kuwekwa mahali pasipofutika.

Lililo gumu kuliko yote liko kijijini. Katibu mmoja wa chama cha msingi aliniambia kwamba neno la siri la chama linajulikana kwake, kwa mwenyekiti, na kwa kijana wa steshenari ambaye ana kompyuta na mtandao usiokatika. Si mwizi huyo kijana. Bila yeye taarifa zisingefika. Lakini leja yoyote itaandika kwamba katibu ndiye aliyeingiza.

Msimu ujao huenda ukawa mzuri kwa bei, ingawa mbaazi zetu hazijaacha kutegemea uamuzi wa India, iliyowahi kubana uingizaji mwaka 2017 na kuwaacha wakulima na magunia ndani. Kuhusu ruhusa, wanaonunua hawaoni dalili ya kubadilika haraka. Ofisa anasema maboresho yanafanyiwa kazi.

Mfanyabiashara wa Chemba ameshajipanga kwa njia yake. Anamlipa kijana mmoja mjini aingie kwenye akaunti kila asubuhi, wiki nzima kabla ya mnada, kuhakikisha bado iko wazi. Neno la siri amemwandikia kwenye kipande cha karatasi.