"Habakuniandika": neno moja mbele ya mkaguzi wa kazi

Mwaka 2013 televisheni ya Nippon TV ya Japani ilionyesha tamthilia iitwayo Dandarin. Mhusika wake mkuu, aliyeigizwa na Yuko Takeuchi, ni mkaguzi wa kazi asiyejua kulegeza. Anauliza saa za kazi, malipo na mikataba, na kwake sheria ni sheria hata wenzake ofisini wakikunja uso. Tamthilia inachekesha, lakini swali lake ni zito: sheria ya kazi inamfaa nani kama hakuna wa kuisimamia?

Nilipoitazama, jambo lingine lilinigusa. Mkaguzi, mwajiri na mfanyakazi wote wanasema Kijapani. Neno la mfanyakazi linaingia kwenye karatasi ya mkaguzi bila kuvuka mpaka. Kwetu Lualaba mambo si hivyo. Mimi ni mzaliwa wa Dilolo, mahali reli ya Katanga inapokutana na ile ya Angola. Nyumbani tunasema Kichokwe. Majirani wana Kilunda na Kiluvale. Kiswahili ni cha reli, soko na safari ya Kolwezi kutafuta kazi. Sheria nayo imeandikwa kwa Kifaransa. Malalamiko ya mtu wa kwetu hupita lugha tatu kabla ya kusomwa.

Mfano ninao nyumbani. Yaya wangu, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, alifanya kazi ya siku kwa siku Kolwezi kwa kampuni ya sutretansi ambayo sitaitaja. Ndani ya miezi miwili alitumika siku 25, kisha akaambiwa asirudi. Alitaka kupeleka malalamiko kwa mkaguzi wa kazi. Akamwomba rafiki ajuaye Kifaransa amwandikie barua, akamweleza hivi: "Habakuniandika, nilikuwa natumika tu." Rafiki akaandika kwamba mlalamikaji hakuajiriwa, alikuwa akisaidia tu. Hakuwa na nia mbaya. Lakini kwa sentensi hiyo yaya alikuwa amejikana mwenyewe.

Tuitazame sentensi yenyewe. Katika Kiswahili cha Katanga, kuandikwa ni kupewa kazi: jina lako limeingia kitabuni, una namba, unajulikana. Maana hiyo haikuzaliwa migodini peke yake, kwani Kiswahili cha pwani pia kinajua kuandika mtu kazi. Hata neno kibarua, linalotumika Tanzania na Kenya kwa mfanyakazi wa kutwa, kwa asili ni barua ndogo: kijikaratasi cha kuhesabia kazi, ambacho jina lake lilihamia kwa kazi na kwa mtu. Huku kwetu, Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1910 ikaja Bourse du Travail du Katanga kuikusanyia makampuni watu wa kazi. Tangu zamani hizo, karatasi ndiyo iliyomtenga mtu wa kampuni na mpita njia. Si ajabu lugha ikashika kwamba asiyeandikwa si mfanyakazi.

Sehemu ya pili ni kutumika. Mtu wa Dar es Salaam akisikia "nilikuwa natumika" atadhani mtu anasema alitumiwa kama chombo. Kwetu maana yake ni kufanya kazi, basi. Na lile "tu" la mwisho halipunguzi kazi. Linasema kwamba kazi ilikuwepo bila karatasi.

Sasa tuiweke sentensi hiyo mbele ya Kanuni ya Kazi ya Kongo, yaani sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Kwa sheria hiyo, mkataba wa kazi una nguzo tatu: mtu anatoa kazi, anaitoa chini ya uongozi wa mwingine, na analipwa. Karatasi inatakiwa, lakini isipokuwepo mfanyakazi anaweza kuthibitisha mkataba wake kwa njia zote za ushahidi. Kuhusu kazi ya siku kwa siku, sheria inaweka hesabu. Mtu akishatimiza siku 22 za kazi katika kipindi cha miezi miwili, akaitwa tena kabla kipindi hicho hakijaisha, kazi hiyo mpya inahesabiwa kuwa mkataba usio na kikomo.

Kwa hiyo siku ya 23 ndiyo iliyobadilisha hali ya yaya. Kwa Kiswahili chake alikuwa bado hajaandikwa. Kwa sheria alikuwa ameshaajiriwa. Neno lililombeba lilikuwa natumika, na ndilo ambalo barua ililigeuza kuwa kusaidia.

Jambo hili halimhusu yaya peke yake. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza na kituo cha Kongo cha msaada wa sheria, CAJJ, walichapisha uchunguzi juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti na shaba ya eneo letu. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa wameajiriwa kupitia makampuni ya kati. Mtu wa namna hiyo anaingia kila asubuhi kwenye lango la mgodi ambao haukumwandika. Ukimuuliza "nani amekuandika?" anaweza kujibu "hakuna", na jibu lake ni la kweli.

Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1947, ambao Kongo imeuridhia, unamruhusu mkaguzi kuingia mahali pa kazi bila kutoa taarifa, na kumhoji mfanyakazi peke yake au mbele ya mashahidi. Ni haki kubwa. Lakini kuhoji ni kazi ya lugha. Mkaguzi mkali kama yule wa Japani, akiuliza hapa kwa neno lisilofaa, ataondoka na jibu la uongo kutoka kwa mtu mkweli.

Ndiyo maana naona sisi wanafunzi wa lugha tuna kazi hapa. Orodha fupi ya maneno ingetosha kuanzia. Badala ya "uliandikwa?" aulizwe: ulitumika siku ngapi? Nani alikuonyesha kazi? Nani alikupa franga, na mara ngapi? Maswali hayo yanagusa nguzo zote tatu za sheria, na hakuna mtu wa Kolwezi au Dilolo asiyeweza kuyajibu.

Barua ya yaya tuliiandika upya pamoja. Shemeji alileta daftari la shule la mtoto, ambamo alikuwa ameweka alama kila siku mumewe alipotoka alfajiri. Tulihesabu alama mara mbili: 25. Yaya akatazama ukurasa, akasema, "Kumbe niliandikwa." Barua tumeipeleka, na jibu bado tunalingoja.