Redio Inapobadili Muziki, Sauti Nazo Hubadilika

Kwa takriban miongo mitatu, msikilizaji wa Tanzania Bara hakuwa na sababu kubwa ya kuhama stesheni. Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), iliyopewa jina hilo mwaka 1965, ilirekodi bendi katika studio zake, ikahifadhi kanda na kuzipiga hewani. Mtangazaji alikuwa mtumishi wa umma, na aliifahamu safu ya wapigaji wa NUTA Jazz au Morogoro Jazz kama alivyoifahamu saa ya taarifa ya habari.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi. Radio One ilianza mwaka uliofuata. Kituo kinachoishi kwa matangazo ya biashara hufuata masikio ya vijana, na vijana walitaka hip hop ya Kiswahili. Mtangazaji wa kituo hicho, Mike Mhagama, ndiye anayetajwa sana kuwa chimbuko la jina Bongo Fleva. Miaka 20 baadaye EFM iliipa nafasi singeli, muziki ambao hadi hapo ulikuwa wa sherehe za uswahilini.

Kila muziki huja na msemaji wake. Lafudhi, misimu na kasi ya maneno ni sehemu ya kipindi. Aliyelelewa na muziki wa dansi hageuki mwenyeji wa singeli kwa wiki moja. Hata kumhamishia kijana wa muziki kwenye habari si jambo la kuamuliwa chumbani kwa meneja, kwani Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati.

Wapo waliohama na heshima zao. Marehemu Julius Nyaisanga, aliyejulikana nchi nzima kupitia RTD, alikwenda Radio One, kisha Abood ya Morogoro, na redio ya mkoa ikapata sauti ya taifa.

Wengine huondoka kimya, na hapo ndipo hasara ilipo. Kompyuta inaweza kupanga nyimbo za saa 24, lakini haimwambii msikilizaji nani alipiga gitaa la solo au kwa nini bendi iligawanyika. Kanda za RTD zimerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Wanaoweza kuzisimulia wanazidi kupungua. Kituo chenye mzee mmoja wa kipindi cha zilipendwa kingefanya vyema kumketisha kijana pembeni yake, kipaza sauti kikiwa wazi.