Kunyonga Baiskeli Kupanda Mlima

Mguu hausukumi pedali kwa nguvu ileile mzunguko mzima. Mzunguko huo ukitazamwa kutoka upande wa kulia wa baiskeli hufanana na uso wa saa: pedali ikiwa juu kabisa ni saa sita, ikiwa mbele kabisa ni saa tisa, na ikiwa chini ni saa kumi na mbili. Karibu nguvu yote ya maana huingia kati ya saa saba na saa kumi na moja, mguu unaposhuka. Juu kabisa na chini kabisa mguu hukandamiza tu, hauzungushi kitu. Kwenye tambarare sehemu hizo mfu hazisikiki, kwa kuwa mwendo wa baiskeli wenyewe huzivusha pedali. Mlimani mwendo huo hakuna. Pedali zikifika hapo baiskeli hufifia, na mkanyago unaofuata lazima uiamshe upya. Anayenyonga polepole kwenye mwinuko mkali huonekana kama anayepanda ngazi, si kama anayeendesha.

Tofauti kati ya kunyonga kwa upole na kunyonga kwa mateso huletwa na gia, na hesabu yake ni rahisi. Mtu na baiskeli yake wenye jumla ya kilo 80, wakipanda mwinuko wa asilimia 8 (yaani mita 8 za kwenda juu kwa kila mita 100 za barabara) kwa kasi ya kilomita 10 kwa saa, wanahitaji karibu wati 190. Kiasi hicho hakipunguzwi na gia yoyote. Kinachobadilika ni uzito wa kila mkanyago. Baiskeli ya gia moja, ya mtindo wa zile nyeusi za Phoenix, ikiwa na meno 48 mbele na 18 nyuma, husogea karibu mita 6 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwa kasi ile, miguu inazunguka mara 28 tu kwa dakika, na pedali ikifika saa tisa inadai msukumo unaokaribia uzito wa kilo 60. Hapo kukaa kitini hakusaidii tena, maana mtu anadaiwa karibu uzito wake mzima kila hatua. Baiskeli yenye meno 34 mbele na 34 nyuma husogea kama mita 2 kwa mzunguko. Miguu inazunguka karibu mara 80 kwa dakika, na mkanyago mzito kuliko yote haufiki kilo 25. Mlima ni uleule, kazi ni ileile, ila imekatwa vipande vidogo ambavyo mapaja yanaviweza.

Kwa hiyo ufundi wa kwanza ni kubadili gia mapema, kabla mwinuko haujaanza kuuma. Anayengoja mpaka baiskeli ikaribie kusimama hubadili gia huku mnyororo umekazwa kwa nguvu zote, na hapo ndipo unaporuka meno au kukatika. Aliyezoea hulegeza miguu kwa nusu mzunguko, huhamisha gia, kisha huendelea. Lengo la kawaida mlimani ni mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika.

Ushauri wa kuivuta pedali juu kwa mguu unaopanda husikika sana, hasa kwa wenye viatu vinavyonasa kwenye pedali. Vipimo vya maabara haviupi uzito mkubwa: hata waendeshaji hodari hupata karibu nguvu yote kwa kusukuma chini, na kujilazimisha kuvuta huongeza matumizi ya pumzi. Yatosha mguu unaopanda usiwe mzigo kwa mwenzake. Kinachosaidia zaidi ni kuanza kusukuma mbele mapema, pedali inapopita juu, na kuikanyaga kwa sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, si kwa kisigino. Kiti nacho kiwe na kimo cha kuacha goti likunjike kidogo tu pedali ikiwa chini. Kiti kilichoshushwa sana huyachosha mapaja kabla ya wakati.

Kukaa au kusimama? Aliyeketi hutumia pumzi kidogo kwa kazi ileile, kwa sababu kiti kinambeba. Chris Froome, mwendesha baiskeli wa mashindano mzaliwa wa Nairobi, aliwaacha wenzake kwenye mlima wa Mont Ventoux nchini Ufaransa tarehe 14 Julai 2013 akiwa bado ameketi, miguu ikizunguka kama cherehani. Kusimama hufaa kwenye kipande kifupi kikali, au kwa kupumzisha misuli iliyochoka. Anayesimama huongeza gia moja au mbili nzito, huiacha baiskeli iyumbe kidogo kinyume na mguu unaoshuka, na haegemei sana mbele. Akiegemea, gurudumu la nyuma hupoteza mshiko, hasa kwenye changarawe, vumbi au mawe yaliyotandikwa kama yale ya kipande maarufu cha mlima jijini Kigali, kilichokuwamo katika mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya 2025, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika. Mwenye gunia kwenye keria ana shida ya upande wa pili: gurudumu la mbele hutaka kunyanyuka, naye hulazimika kuinamia usukani.

Mikono ibaki milegevu. Kung'ang'ania usukani hubana kifua na kula nguvu isiyofika kwenye pedali.

Kupanda kwa kukata pembe, kulia na kushoto, hurefusha njia na kupunguza ukali wake. Wenye gia moja huijua mbinu hii tangu utotoni, lakini inafaa tu pasipo na magari. Kasi ikishuka chini ya kama kilomita 5 kwa saa, baiskeli huanza kuyumba na nguvu nyingi huishia kwenye kuizuia isianguke. Hapo kushuka na kuisukuma ni ufundi pia. Anayefika kileleni akiwa bado kitini huendelea kunyonga mita kadhaa, akiongeza gia moja moja, mpaka barabara ilale na pumzi irudi.