Mkristo Apendaye Kukaa Peke Yake

Makatekista wa huku Chato huuliza mara kwa mara: tumfanyeje Mkristo asiyekosa Misa ya Dominika, lakini katika Jumuiya haonekani, na harusini huketi pembeni hata aondoke bila kuaga? Swali si dogo. Mahali pengi mtu wa namna hiyo hunyimwa barua ya kumbatizia mtoto, na siku ya msiba husemwa wazi kwamba ajizike mwenyewe.

Jumuiya Ndogo Ndogo ni tunu. Maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele mwaka 1976, na Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge tangu 1969 hadi 1996, alikwenda kuishi mwenyewe katika kijiji cha ujamaa. Lakini Kanisa hilo hilo lina mapokeo ya kale zaidi. Mtakatifu Antoni wa Misri, katika karne ya tatu, aliliacha shamba la wazazi wake akaishi jangwani, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 603, inawatambua wakaapweke hata leo. Luka atueleza kwamba Bwana wetu alikuwa na desturi ya kujitenga mahali pasipo watu, akasali.

Basi tupambanue. Yuko ajitengaye kwa kuwadharau wenzake, huyo aonywe. Yuko mgeni aliyefuata dhahabu Geita au samaki ziwani. Sala husaliwa kwa Kiswahili, ikiisha maongezi yageukia Kisukuma, naye hucheka wenzake wakichekapo asijue kisa. Huyo hahitaji mahubiri, ahitaji mtu wa kuketi kando yake na kumfasiria. Yuko pia aliyeumbwa mkimya tu, ambaye kelele humchosha kama jembe lichoshavyo wengine. Sioni dhambi hapo.

Liko jambo zito zaidi. Katika kanda yetu hii ya Shinyanga, Mwanza na Geita, bibi kizee akaaye peke yake, haongei sana, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, huitwa mchawi. Twajua wengi walikatwa mapanga usiku kwa neno hilo. Aghalabu halikuanzia kwa mwenye panga, lilianzia barazani, pengine baada ya sala: “Mbona yule hachanganyiki na watu?” Mwenyekiti wa Jumuiya akilisikia swali hilo na alikatize papo hapo, hata kama msemaji ni mtu mzima anayeheshimiwa.

Kisha watumwe wawili, wasizidi, waende kwake mchana kweupe na majirani wakiona. Wamsalimu, wamchotee maji, wamwulize kama angependa kuletewa Komunyo. Daftari la mahudhurio walibakize nyumbani. Akitaka kunyamaza, wakae naye kimya kidogo, na juma lijalo warudi.